Viputo, rangi au mwanga: kipimo gani cha mishipa ya damu ya jicho?

Mvua zilikuwa zinaishia alipoingia chumbani kwetu, hapa Busia upande wa Uganda, askari mstaafu mwenye kisukari cha miaka mingi. Mkononi alishika karatasi ya kliniki nyingine iliyoandikwa "anjiografia ya jicho, Kampala". Jicho la kushoto, alisema, lilianza kuona utando kama wa buibui, ukafuata moshi, na asubuhi ya tatu likawa giza. Alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na kipimo. Mganga wetu wa macho alimmulika mboni mara mbili kwa kifaa chake, na ule wekundu unaotakiwa kurudi haukurudi. Jicho lilikuwa limejaa damu.

"Afande, hicho ulichoandikiwa ni picha ya mishipa ya damu," nikamwambia. "Kamera inapiga kupitia mboni. Kwako haitaona kitu."

"Kwa hiyo nilikuwa nasafiri kilomita karibu 200 kwenda kupigwa picha ya giza?"

Swali lake nimekuwa nikilijibu kwa namna moja au nyingine kwa ndugu wa wagonjwa, na hivi karibuni kwa daktari kijana aliyesoma habari za viputo vya altrasaundi, vipovu vidogo vya gesi vinavyodungwa kwenye damu, akataka tuviagize. Nimeona niandike mara moja. Mimi ni mpiga altrasaundi, si daktari wa macho, kwa hiyo usishangae nikikaa zaidi upande ninaoujua.

Swali la kwanza halina gharama

Je, mwanga unafika nyuma ya jicho? Hilo tu. Vipimo vyote vinavyoonyesha mishipa ya damu ya jicho vimegawanyika hapo. Upande mmoja kuna vinavyotegemea mwanga: picha za rangi ya sindano, na ile mashine ya OCT, inayosoma tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga. Upande wa pili kuna vinavyotegemea sauti: altrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyotembea, na altrasaundi hiyo hiyo ikiongezewa viputo. Mtoto wa jicho aliyekomaa, damu ndani ya uteute (ile jeli inayojaza jicho), au kovu zito kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) huzima kundi lote la kwanza. Sauti haijali, inapita kwenye damu na kwenye mtoto wa jicho kama kawaida.

Lakini sauti ina upofu wake. Mishipa midogo kabisa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina upana wa maikromita 5 hadi 10. Probu (kile kichwa cha mashine kinachomgusa mgonjwa) ya megahezi 10, ambayo ndiyo ya kawaida kwa jicho, hutenganisha vitu vilivyoachana kiasi cha milimita 0.15 hivi, yaani maikromita 150. Ni sawa na kutafuta unywele mezani kwa kupapasa ukiwa umevaa glavu nene. Viputo humwongezea nguvu mwangwi wa damu, ila havikuvui hizo glavu. Kwa hiyo anayeuliza "tuchague viputo au rangi?" kwa jicho lenye kioo safi, linalopitisha mwanga, amekosea swali. Kwa jicho hilo rangi au OCT vinashinda, na mjadala umeisha.

Rangi ya sindano

Fluoresini ndiyo mkongwe. Mwaka 1961 wanafunzi wawili wa udaktari huko Indiana, Marekani, Novotny na Alvis, walichapisha njia ya kupiga picha za retina rangi hii ikipita ndani ya damu. Utaratibu haujabadilika sana: miligramu 500 zinasukumwa kwenye mshipa wa mkono, na baada ya sekunde 10 hadi 15 rangi imeshafika jichoni. Kamera inamulika mwanga wa bluu, rangi inang'aa kijani cha manjano, na picha zinapigwa mfululizo kwa dakika kadhaa.

Thamani yake kubwa ni kwamba inavuja. Ukuta wa mshipa mzima wa retina hauiruhusu kutoka. Mshipa ulioharibiwa na kisukari, au ile mishipa mipya dhaifu inayoota pale retina inapokosa hewa, huiachia itoke, na kwenye picha unaona doa linapanuka taratibu kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Daktari anajua wapi pa kupiga leza. Hakuna kipimo kingine katika makala haya kinachoonyesha jambo hilo waziwazi hivyo. Ukumbuke hili, kwa sababu viputo havivuji kabisa, na OCT haioni kuvuja kwenyewe.

Kero zake zinajulikana. Kichefuchefu kwa wachache, wengine kutapika, mkojo wa rangi ya chungwa kwa siku nzima au zaidi, ngozi kuingia umanjano kwa saa kadhaa. Sindano ikitoka nje ya mshipa, mkono unauma sana. Mzio mkali ni nadra, lakini upo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulikadiria kifo kimoja katika vipimo kama 222,000. Chumba kisicho na adrenalini tayari mezani, ondoka. Na kuna mkanganyiko mmoja nausikia kila mara: watu walioambiwa wana mzio wa "dawa ya CT" huogopa fluoresini. Dawa ya CT ni ya iodini. Fluoresini haina iodini. Mwambie daktari juu ya mzio wako, lakini usijinyime kipimo kwa kudhani ni kitu kimoja.

Mwenye iodini ni binamu yake, indosianini ya kijani. Huyu hujishika kwenye protini za damu kwa asilimia 98 hivi, anatoka kupitia ini, na anang'aa kwa mwanga usioonekana kwa macho unaopenya safu ya rangi iliyo nyuma ya retina. Anatumika kwa mishipa ya koroidi, tabaka la chini ya retina. Kama daktari hajataja koroidi, huna haja naye.

OCT ya mishipa

Kwa kifupi: haina sindano, inachukua sekunde chache, inapiga sehemu ileile mara kadhaa na kuhesabu kilichosogea, yaani damu. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2015. Inaonyesha mishipa midogo ya katikati ya retina kwa uwazi ambao rangi haifikii. Inataka mtu atulize jicho, na eneo lake ni dogo, mara nyingi milimita 3 kwa 3 au 6 kwa 6. Mgonjwa anayeona upande mmoja tu, anayetetemeka, au mtoto, atakupa picha yenye mistari mistari. Kama mashine ipo, na kioo cha jicho ni safi, anza hapa kabla ya sindano.

Dopla ya kawaida, isiyo na kitu

Hii ndiyo ninayoipigia debe, na sababu siifichi: iko. Mashine ya kuangalia wajawazito ikiwa na probu ndefu ya megahezi 7.5 hadi 12 na rangi ya Dopla, inatosha. Mgonjwa analala, anafumba, jeli nyingi juu ya kope, mkono wangu unaegemea shavuni ili nisimkandamize. Nyuma ya jicho, ndani ya neva ya kuona, inatokea mistari miwili myembamba imelala pamoja: mwekundu ni ateri kuu ya retina inakuja kwangu, wa bluu ni vena inaondoka. Kasi ya ateri hiyo ni kama sentimita 10 kwa sekunde, polepole sana, na asiyepunguza kipimo cha kasi kwenye mashine ataandika "hakuna mtiririko" wakati upo. Nimeona ripoti za namna hiyo.

Jambo moja nalisisitiza kwa wenzangu: badilisha mpangilio wa mashine kabla ya kugusa jicho. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaruhusu nguvu ya sauti hadi miliwati 720 kwa sentimita ya mraba kwa viungo vingine, lakini kwa jicho ni 50 tu, na ile namba inayoandikwa MI kwenye skrini, kipimo cha msukumo wa sauti, isizidi 0.23, wakati kwingineko inaruhusiwa hadi 1.9. Ukimpiga mtu jicho kwa mpangilio wa tumbo umevuka mpaka bila kujua. Na jicho lililopasuka kwa ajali haliguswi na probu, nukta.

Viputo: ni nini hasa

Mwaka 1968 Gramiak na Shah, huko Rochester, New York, walimchunguza moyo mtu aliyekuwa anadungwa sindano ya majimaji wakaona wingu jeupe linang'aa kwenye skrini. Kati ya majimaji yaliyotumika siku hizo ilikuwemo indosianini ya kijani, ile ile niliyoitaja juu. Rangi haikuwa na kazi yoyote kwenye altrasaundi. Vilivyong'aa ni vipovu vya hewa vilivyoingia na sindano. Viwanda vikachukua miaka zaidi ya ishirini kuvitengeneza vipovu hivyo vidumu, kwa kuvivika ganda na kubadilisha hewa kwa gesi nzito isiyoyeyuka haraka kwenye damu.

Kiputo cha leo kina upana wa maikromita 2 hadi 3 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina kama 7. Kwa hiyo kinapita kwenye mapafu bila kukwama na kufika popote damu inapofika, lakini hakitoki nje ya mshipa hata ukiwa umeoza. Sauti ikikipiga kinatanuka na kusinyaa, na kurudisha mwangwi wenye sauti za juu ambazo nyama ya kawaida hairudishi. Mashine yenye programu maalumu inachuja nyama, inabakiza viputo. Baada ya dakika chache ganda linaisha, gesi inatoka kwa pumzi. Figo hazihusiki, na hilo kwa mgonjwa wa kisukari si jambo dogo.

Gesi ya mojawapo, salfa heksafloridi, ndiyo ile ile ambayo mpasuaji wa retina huiweka ndani ya jicho kushikilia retina iliyobandikwa. Ndugu wa wagonjwa wakisikia hivyo wanashtuka, kwa sababu waliambiwa mgonjwa asipande ndege. Tofauti ni kipimo na mahali. Gesi ya mpasuaji inajaza chumba cha jicho kwa wiki mbili hivi. Sindano ya mililita 2.4 ya viputo ina gesi kama maikrolita 19, nayo iko ndani ya damu, si ndani ya uteute. Kwa upande mwingine, jicho ambalo tayari limejazwa gesi na mpasuaji halifai kupigwa altrasaundi yoyote. Sauti inagonga gesi na kurudi.

Sasa viputo vinasaidia wapi jichoni? Mimi naona maswali mawili tu. La kwanza: jicho limejaa damu, na ndani kuna utando unaoning'inia. Ni utando wa uteute, ambao unaweza kusubiri, au ni retina iliyobanduka, ambayo haisubiri? Retina ina damu inayotembea ndani yake, utando wa kawaida hauna. Dopla ya kawaida ikishindwa kuona mtiririko, viputo vinaweza kuuonyesha. Watafiti wa Korea Kusini walilishughulikia jambo hili mapema miaka ya 2000. La pili: kuna uvimbe ndani ya jicho au nyuma yake. Ni damu iliyoganda au ni nyama hai? Damu iliyoganda haiingizi kiputo hata kimoja.

Nje ya maswali hayo sioni kwa nini uvinunue. Tena kuna vikwazo vitatu vya wazi. Hakuna kichupa kati ya hivi ninavyovijua kilichoandikishwa kwa ajili ya jicho. Matumizi hayo ni ya nje ya kibali, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kusaini. Pili, viputo huitika vizuri zaidi kwenye megahezi chache, wakati probu za jicho ziko juu, kwa hiyo mwangwi unapungua na dozi huongezwa. Tatu, mashine. Bila ile programu ya viputo utabaki na Dopla ya rangi iliyofurika, rangi imemwagikia hata pasipo na mshipa, na ripoti yako itadanganya. Swali la "kichupa kipi" liulizwe baada ya "mashine ipi".

Ukishaamua ni viputo, kichupa kipi?

| Jina | Gesi na ganda | Kuhifadhi | Kutayarisha |
|---|---|---|---|
| SonoVue (Marekani: Lumason) | salfa heksafloridi, mafuta | poda, joto la chumba | mililita 5 za maji ya chumvi, tikisa kwa mkono |
| Definity (Ulaya: Luminity) | oktafluoropropani, mafuta | friji, nyuzi 2 hadi 8 | mashine yake ya kutikisa, sekunde 45 |
| Optison | oktafluoropropani, albumini ya damu ya binadamu | friji, nyuzi 2 hadi 8 | geuza na kuviringisha taratibu |
| Sonazoid | perfluorobutani, mafuta yatokanayo na yai | poda, joto la chumba | maji safi ya sindano, tikisa |

Kwa karatasi zote ni ndugu. Kwa maisha yetu hapa, si ndugu. Umeme wetu ukikatika usiku wa Jumamosi jenereta inawashwa kwa chumba cha upasuaji kwanza, na friji ya dawa inasubiri. Kwa sababu hiyo peke yake ningeweka Optison na Definity ya kawaida kando. Kuna aina ya Definity ya joto la chumba iliyopitishwa Marekani mwaka 2020, lakini nayo inataka mashine ya kutikisa, na mashine hiyo ikiharibika Busia hakuna fundi wake. Optison ina jambo la ziada: ganda lake limetokana na damu ya watu, na wapo wagonjwa ambao kwa imani yao hawapokei kitu cha damu. Waulize mapema, si wakati sindano iko mkononi.

Sonazoid ilianza Japani mwaka 2007, na sifa yake ni kukaa ndani ya ini kwa muda mrefu kwa sababu chembe za ini huimeza. Kwa ini ni hazina. Kwa jicho sifa hiyo haina kazi, na mwenye mzio wa yai hapewi. Inabaki SonoVue: poda, maji ya chumvi, mkono wako, na kwa maelezo ya Ulaya mchanganyiko unatumika hadi saa 6. Ningechagua hiyo. Kabla ya kulipa, muulize mwagizaji namba ya usajili ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na tarehe ya mwisho iliyoko kwenye kichupa chenyewe, si kwenye boksi.

Wa kuangaliwa kwa makini

Mzio mkali wa viputo ni nadra, karibu na mmoja katika 10,000, lakini unapotokea huja ndani ya nusu saa, mara nyingi dakika za mwanzo. Mwaka 2007 Marekani iliweka onyo zito juu ya moyo na mapafu, na mwaka 2021 ikaongeza onyo kwa wenye mzio wa poliethilini glaikoli, kitu kinachopatikana pia kwenye dawa za kusafisha tumbo. Shinikizo kali la mishipa ya mapafu, acha.

Lakini kwa Uganda onyo ninalolibandika ukutani ni la selimundu. Maelezo ya viputo vya Marekani sasa yanasema wapo wagonjwa wa selimundu waliopata maumivu makali ya mgongo, kifua au tumbo muda mfupi baada ya sindano. Selimundu yenyewe huharibu mishipa ya pembeni ya retina na kumwaga damu jichoni, kwa hiyo kijana wa selimundu mwenye jicho lililojaa damu ndiye hasa atakayeletwa kwako akiombewa viputo. Kwake ningekomea Dopla ya kawaida, nikairudia baada ya siku chache, kabla hata ya kufikiria kichupa.

Na mtoto mwenye mboni nyeupe kama jicho la paka usiku, usimzungushe na ulinganisho huu wote. Altrasaundi ya kawaida huonyesha chokaa ndani ya uvimbe kwa dakika tano, viputo havihitajiki, na kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, kimewatibu watoto wa saratani ya retina kwa miaka mingi. Mama apewe barua siku hiyo hiyo.

Afande nilimlaza. Nikamwambia aangalie juu, chini, kushoto, huku amefumba. Ndani ya damu iliyokuwa inazunguka kama vumbi kwenye mwale wa jua kulikuwa na utando mnene wenye umbo la herufi V, ncha yake imeshika pale neva inapoingia. Utando wa uteute huyumba kama pazia dirishani. Huu ulikuwa mzito, unachelewa. Nikashusha kipimo cha kasi hadi chini kabisa, nikawasha rangi, nikasubiri asipumue kwa nguvu. Mstari mwembamba mwekundu ukatokea kwenye mguu mmoja wa ile V, ukapotea, ukatokea tena, sawasawa na mapigo ya moyo wake. Viputo vya nini tena?

Nikachukua ile karatasi yake, nikakata neno "anjiografia" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: "Retina imebanduka, jicho la kushoto. Aonwe na mpasuaji wa retina wiki hii." Akaisoma kwa jicho la kulia, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na pesa za mbuzi.